Kompyuta mpakato uwanja wa ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukaguzi na data zako

Wengi wanaoniuliza kuhusu kusafiri na kompyuta wanamwogopa yule mkaguzi anayesimama kando ya mashine, wakidhani atafungua mafaili yao. Hofu yao ina msingi, ila wameielekeza kwa mtu siye. Uwanjani kuna meza mbili. Ya kwanza ni ya ukaguzi wa usalama, unayoipita kabla ya kupanda ndege, na hapo wanatafuta silaha na vilipuzi. Ya pili ni ya uhamiaji na forodha, unayoikuta ukishatua nchi nyingine, na katika baadhi ya nchi afisa wa hapo ana mamlaka ya kisheria ya kuangalia kilichomo ndani ya kompyuta yako. Kwenye meza ya kwanza unaweza kuipoteza kompyuta yenyewe. Kwenye ya pili zinaweza kupotea siri zako. Majibu yafuatayo yanafuata safari hiyo, na utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi inafanyika nyumbani, siku moja au mbili kabla ya kuondoka.

Kwa nini naambiwa niitoe kompyuta kwenye begi?

Ni kwa sababu ya picha ya eksirei. Ndani ya kompyuta kuna betri, bodi ya saketi, diski na feni, vyote vimelaliana na kushonana. Ukiiacha begini pamoja na chaja, nyaya na kitabu kinene, mkaguzi anaona doa zito na hawezi kujua kilicho nyuma yake. Ikikaa peke yake kwenye trei, picha inasomeka. Basi usiifunike kwa sweta wala usiiache ndani ya mfuko wake, maana utarudishwa nyuma.

Viwanja kadhaa vimeshaweka mashine za CT, teknolojia ileile ya hospitalini, ambazo picha yake mkaguzi anaweza kuizungusha kwenye skrini na kuitazama pande zote. Kwenye mashine hizo mara nyingi utaambiwa uiache begini. Msikilize mkaguzi wa foleni yako, kwa kuwa hata ndani ya uwanja mmoja foleni mbili zinaweza kuwa na mashine tofauti.

Eksirei inaweza kufuta data?

Hapana. Mionzi ya mashine ya mizigo haifuti diski ya sumaku wala ya SSD, ile inayohifadhi data kwenye chipu, na uga wa sumaku wa lango unalopita wewe ni dhaifu mno. Vinavyoumia kwa eksirei ni filamu za kamera za zamani. Diski nyingi zinazokufa uwanjani zimeanguka sakafuni mwenye nazo akiwa anavaa viatu.

Mkaguzi wa usalama anaweza kusoma mafaili yangu?

Hiyo si kazi yake. Anaweza kuipangusa kibodi na kingo za kompyuta kwa kitambaa kidogo, kisha akakiingiza kitambaa hicho kwenye mashine inayotambua chembe za vilipuzi. Anaweza pia kukuomba uiwashe. Mnamo Julai 2014 TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, ilitangaza kwamba kwenye baadhi ya safari za kuelekea nchini humo abiria wanaweza kutakiwa kuwasha vifaa vyao, na kisichowaka hakipandi ndege. Wanachohofia ni kompyuta iliyotolewa vitu vyake vya ndani ikajazwa kingine. Kwa hiyo fika ukiwa na chaji ya kutosha.

Ila shika tofauti hii: anachohitaji ni kuona kwamba inawaka. Ukurasa wa kuomba nywila ukishatokea kwenye skrini, ameshapata jibu lake. Ukiambiwa kwenye meza hii uingize nywila, uliza kwa upole kama wanataka tu kuona inawaka, na ikibidi omba kuzungumza na msimamizi.

Nifanyeje isiibwe wala kubadilishwa kwenye mkanda wa mashine?

Natamani swali hili liulizwe zaidi. Kwa dakika kadhaa, kitu kilichobeba picha za wanao, barua zako na kazi yako yote kinasafiri peke yake, nawe uko upande wa pili, miguu mitupu, mikono juu.

Mimi yamewahi kunikuta. Nilitanguliza trei, nikapita langoni, lango likalia. Nikarudi, nikavua saa, likalia tena. Kumbe kulikuwa na sarafu kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nilipomaliza kupapaswa nikakuta kompyuta ya rangi ya fedha kwenye trei, ukubwa uleule wa yangu. Nikaiinua. Kidole gumba kikapita kwenye kona ya kushoto kwa chini, na kona ilikuwa laini. Yangu ina mkwaruzo pale, tangu ilipogonga fremu ya mlango. Nikainua macho, nikamwona mzee mmoja ameshafunga zipu ya begi lake anaelekea lango la kupandia. Nilimkimbilia bila viatu. "Shikamoo mzee. Samahani sana, naomba tuangalie kompyuta zetu." Alilifungua begi palepale, akaigeuza ile aliyoibeba, na mkwaruzo ulikuwepo. Alishtuka kuliko mimi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, trei mbili zilifuatana na kompyuta mbili zilifanana. Lakini ningechelewa nusu saa, kompyuta yangu ingekuwa angani.

Tangu siku hiyo kifuniko cha kompyuta yangu kina stika kubwa ya njano, na chini nimebandika barua pepe na namba ya simu. Usiandike jina la mwajiri wako hapo, maana unampa mwizi sababu ya kudhani kuna cha thamani zaidi ndani. Kabla sijafika mbele ya foleni, saa, sarafu, mkanda na simu vimeshaingia ndani ya begi. Begi linatangulia, kompyuta inakwenda mwisho, na siisukumi kuingia mashineni mpaka aliye mbele yangu amepita langoni na mimi nimeitwa.

Kuna mbinu ya zamani ya wezi wa viwanjani ambayo utaratibu huu unaizuia. Wanakuwa wawili. Wa kwanza anapita haraka na kusimama mwisho wa mkanda. Wa pili anajipenyeza mbele yako akiwa amejaza vyuma mifukoni, lango linalia, anarudishwa, linalia tena, na wewe umekwama nyuma yake huku trei yako imeshatokeza upande wa pili. Ukiona foleni imesimama, ishikilie trei yako. Anayekuja nyuma anaweza kukasirika kidogo, mvumilie.

Ukivutwa kando kwa ukaguzi wa ziada, sema mara moja: "Kompyuta yangu iko pale, naomba isogezwe ninapoweza kuiona." Ni ombi la kawaida na wakaguzi wamelizoea. Mkiwa wawili, mmoja apite kwanza apokee vitu vya wote.

Niiweke kwenye begi la mkononi au kwenye mzigo wa kukabidhi?

Mkononi. Mzigo wa kukabidhi unapita mikono mingi usiyoiona, unarushwa, na unaweza kufunguliwa bila wewe kuwepo.

Kuna na suala la betri. Betri za lithiamu zikipata hitilafu zinaweza kushika moto, na moto wa kwenye kabati la juu wahudumu wanauona na kuuzima, wakati wa chumba cha mizigo ni hatari zaidi. Kanuni za usafiri wa anga zinaruhusu betri isiyozidi saa-wati 100 bila kuomba ruhusa, kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege, na zaidi ya 160 haipandi na abiria. Kompyuta nyingi ziko chini ya 100. Pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi kabisa kwenye mzigo wa kukabidhi. Kama pawabenki yako imeandikwa mAh tu, zidisha kwa volti na ugawanye kwa 1,000: ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni saa-wati 74, inapita.

Angalia pia ile hali ambapo ndege imejaa na mhudumu anachukua mabegi ya mkononi mlangoni ili yaende chini. Hapo toa kompyuta na pawabenki kabla hujaliachia begi. Mimi hubeba mfuko mwembamba wa kitambaa kwa ajili ya dakika hiyo tu.

Nina nywila ya kuingilia. Haitoshi?

Haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Nywila ya kuingilia inalinda mlango wa mbele tu. Mwenye bisibisi anaweza kuichomoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine na kusoma mafaili yako yote bila kuulizwa kitu. Wala hahitaji utaalamu, fundi yeyote wa kompyuta anajua kufanya hivyo.

Kinga yake ni usimbaji fiche wa diski nzima. Ukiuwasha, kila kilichomo diskini kinageuzwa kuwa herufi zisizo na maana mpaka ufunguo sahihi uingizwe. Kwenye Windows toleo la Pro unaitwa BitLocker, na kompyuta nyingi za toleo la Home zina aina nyepesi yake ndani ya mipangilio. Kwenye Mac ni FileVault. Kwenye Linux ni LUKS, na ni rahisi zaidi kuuwasha wakati wa kusakinisha mfumo. Kama unataka kufunga folda chache tu, VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi kwenye mifumo yote mitatu.

Uwashe siku kadhaa kabla ya safari, ukiwa umeshaweka nakala rudufu, kwa kuwa mara ya kwanza unaweza kuchukua saa nyingi. Wakati wa kuuwasha utapewa ufunguo wa kurejesha, mfululizo mrefu wa tarakimu au herufi. Uandike kwenye karatasi na uuache nyumbani au kwa mtu unayemwamini. Usiuweke kwenye begi lilelile la kompyuta. Ujue pia kwamba Windows ikitumia akaunti ya Microsoft, mara nyingi ufunguo huo hupandishwa kwenye akaunti hiyo. Ni msaada ukiusahau, lakini maana yake usalama wa diski yako unategemea pia usalama wa akaunti hiyo.

Nguvu ya usimbaji haizidi nguvu ya nywila. Herufi nane zenye jina lako na mwaka wa kuzaliwa hazimsumbui mtu. Chagua maneno sita yasiyohusiana, yapangwe kwa namna unayoweza kuikumbuka ukiwa na usingizi saa kumi alfajiri.

Niizime kabisa, au kufunga tu kifuniko kunatosha?

Izime kabisa. Ukifunga kifuniko kompyuta inalala, na ikiwa imelala ufunguo wa usimbaji bado umo kwenye kumbukumbu yake ya muda. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba kumbukumbu hiyo haifutiki papo hapo umeme ukikatwa: data hubaki kwa sekunde kadhaa, na kwa muda mrefu zaidi ikipozwa kwa baridi kali, kiasi cha kuweza kuchota ufunguo wa diski. Kompyuta iliyozimwa dakika kadhaa zilizopita haina cha kuchotwa.

Mimi huizima nikiwa bado kwenye teksi. Kuiwasha tena mbele ya mkaguzi si tatizo, inafika kwenye ukurasa wa nywila na kusimama hapo. Ukishapita, izime tena.

Alama ya kidole na sura ni salama safarini?

Ni rahisi, na tatizo liko hapohapo kwenye urahisi. Kidole kinaweza kushikwa na kuwekwa, na skrini inaweza kuelekezwa usoni mwako. Nywila iliyo kichwani lazima uitoe mwenyewe. Kabla ya kuondoka zima alama ya kidole na utambuzi wa sura kwenye simu na kompyuta, utavirudisha ukifika. Simu nyingi zikiwashwa upya hudai nywila kwanza kabla ya kukubali kidole, kwa hiyo hata kuizima simu kabla ya kushuka kwenye ndege kunasaidia.

Nibebe mafaili gani na niache yapi?

Ningeruhusiwa kujibu swali moja tu katika ukurasa huu, ningejibu hili. Faili ambalo halimo safarini haliwezi kuibwa, kunakiliwa, kupotea wala kuombwa na afisa. Mengine yote tunayoyazungumza yanapunguza madhara, hili linaondoa chanzo chenyewe.

Keti na kompyuta yako jioni moja na ujiulize: katika siku hizi kumi, nitafungua nini? Jibu huwa ni dogo kuliko ulivyodhani. Hotuba ya mkutano, jedwali mbili, tiketi, picha chache. Halafu tazama unachobeba kwa mazoea: skani ya pasipoti na hati ya kiwanja, taarifa za benki za miaka minne, barua za kuomba kazi, faili la matokeo ya vipimo vya hospitali, mazungumzo yaliyohifadhiwa ya mtu aliyekuamini. Hayo ya mwisho ndiyo huniuma zaidi nikiyafikiria, kwa sababu siri ile ni ya mtu mwingine ambaye hakuulizwa kama anataka kusafiri.

Nakili kila kitu kwenye diski ya nje, nayo isimbwe, kisha iache nyumbani. Jaribu kufungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala hiyo, maana nakala isiyowahi kujaribiwa huweza kukuangusha siku unapoihitaji. Ndipo uondoe usivyovihitaji kwenye kompyuta.

Kuhusu kufuta: kupeleka faili kwenye pipa la taka ni kulihamisha tu, na hata ukimwaga pipa, kwenye diski ya zamani data hubaki mpaka ziandikwe nyingine juu yake. Kwenye SSD mambo yana utata zaidi, kwani diski yenyewe inaamua iandike wapi, na programu za kuandika juu ya faili mara nyingi hazifikii sehemu halisi lilipokuwa. Njia ya kuaminika ni diski kuwa imesimbwa tangu mwanzo. Wanaosafiri mara kwa mara na wenye uwezo huwa na kompyuta ya pili, ya kawaida, inayosakinishwa upya kabla ya kila safari.

Usisahau pembeni: flashi iliyosahaulika kwenye mfuko mdogo wa begi, kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera, simu ya zamani unayoitumia kama saa ya kengele. Zote zina data na mara nyingi hazijafungwa kwa lolote. Kagua begi lako mwenyewe kabla hujakaguliwa.

Afisa wa forodha anaweza kunilazimisha nifungue kompyuta?

Inategemea nchi, na mpakani ulinzi wa sheria huwa mwembamba kuliko ndani ya nchi. Nchi tatu hizi zitakuonyesha jinsi zinavyotofautiana.

Marekani, shirika la forodha na ulinzi wa mipaka, CBP, lilitoa Januari 2018 mwongozo unaogawa upekuzi wa vifaa katika aina mbili. Ule wa msingi, afisa anapitia kifaa kwa mkono, na hahitaji kukushuku kwa lolote. Ule wa kina, kifaa kinaunganishwa na mitambo ya kunakili na kuchambua, na unahitaji shaka yenye msingi au suala la usalama wa taifa, pamoja na idhini ya msimamizi. Mwongozo huo unasema pia kwamba maofisa waangalie kilichomo ndani ya kifaa tu, kikiwa hakijaunganishwa na mtandao, na kwamba kifaa kwa kawaida kisishikiliwe zaidi ya siku tano. Katika mwaka wa fedha 2024 CBP ilipekua vifaa zaidi ya 47,000. Ukilinganisha na mamilioni ya wanaoingia ni sehemu ndogo sana, lakini aliyepatwa na jambo hili hafarijiki na hesabu hiyo. Raia wa Marekani akikataa kutoa nywila hawezi kuzuiwa kuingia kwao, ingawa kifaa kinaweza kuchukuliwa. Mgeni anaweza kurudishwa alikotoka.

Uingereza, Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000 linawapa polisi wa bandari na viwanja vya ndege uwezo wa kumzuia msafiri hadi saa sita na kumhoji bila kuhitaji kumshuku kwanza. Kukataa kutoa nywila ni kosa. Mwaka 2017 Muhammad Rabbani, mkurugenzi wa shirika la utetezi la Cage, alitiwa hatiani na mahakama ya London kwa sababu hiyo baada ya kuzuiwa uwanja wa Heathrow. Alisema alikuwa akilinda taarifa za mtu aliyemweleza habari za kuteswa kwake.

New Zealand ilibadili sheria yake ya forodha kuanzia Oktoba 2018. Afisa anahitaji sababu ya msingi ya kushuku kabla ya kupekua kifaa, lakini akishakuwa nayo, anayekataa kukifungua anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 za nchi hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, tafuta sheria ya nchi unayokwenda na ya nchi unayounganishia ndege. Hiyo ya pili husahaulika.

Nikiambiwa nitoe nywila, nifanye nini?

Amua ukiwa nyumbani, kabla ya usingizi mdogo na uchovu wa safari kukuamulia. Wapo wanaoamua kutoa, kwa sababu hawana cha siri kwenye kifaa na hawawezi kukosa safari. Wapo wanaoamua kukataa na wako tayari kwa matokeo. Simlaumu yeyote kati yao. Ninachosisitiza ni mambo ambayo hutakiwi kuyafanya: usimdanganye afisa, usidai umesahau nywila unayoikumbuka, na usifute kitu mbele yake. Katika nchi nyingi uongo kwa afisa na kuharibu ushahidi ni makosa makubwa kuliko lolote lililokuwa kwenye diski.

Uliza kwa utulivu: "Afisa, hili ni ombi au ni amri?" Jibu lake lina uzito baadaye. Ukiamua kufungua, omba uingize nywila mwenyewe badala ya kuiandika kwenye karatasi. Kifaa kikichukuliwa, dai risiti, na uandike jina au namba ya afisa, saa na mahali. Weka namba ya wakili kwenye karatasi, kwa sababu simu yenye namba hiyo inaweza kuwa imechukuliwa pia. Ukishatoka, badilisha nywila uliyoitoa na kila mahali pengine ulipoitumia.

Nabeba data za kazi: wateja, wagonjwa, vyanzo vya habari. Je?

Zungumza na mwajiri wako kabla ya safari, kwa maandishi. Data hizo si zako, na sheria za kulinda taarifa binafsi za nchi nyingi zitamuuliza yeye na wewe zilivujaje. Wakili aeleze mapema mbele ya afisa kwamba kuna mafaili ya siri ya wakili na mteja. Mwongozo wa CBP, kwa mfano, una utaratibu maalumu kwa mafaili hayo, lakini afisa hawezi kuufuata kama hajaambiwa.

Kwa wanahabari, kumbukeni ya David Miranda. Agosti 2013 alizuiwa Heathrow kwa karibu saa tisa, kikomo cha wakati huo, na vifaa vyake kuchukuliwa, akiwa amebeba nyaraka zilizotokana na Edward Snowden, aliyefichua siri za ujasusi wa Marekani, kwa ajili ya mwenzi wake, mwanahabari Glenn Greenwald. Januari 2016 Mahakama ya Rufani ilisema kuzuiwa kwake kulikuwa halali, lakini ikaona kuwa mamlaka yale ya Jedwali la 7, kwa jinsi yalivyokuwa, hayakuwa na kinga ya kutosha kwa nyaraka za kihabari. Ushindi wa mahakamani ulikuja miaka zaidi ya miwili baadaye. Vifaa vilichukuliwa siku ileile.

Nikihifadhi kila kitu mtandaoni nimesalimika?

Umepiga hatua nzuri, mradi kompyuta isiwe bado imeingia kwenye akaunti hizo. Programu nyingi za hifadhi ya mtandaoni huacha nakala ya mafaili kwenye diski, na kivinjari hukumbuka nywila na historia. Toka kwenye akaunti zote, ondoa usawazishaji, futa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Kuna mtego ambao umewanasa watu makini kabisa. Wametoka kwenye kila kitu, wamefika, na sasa akaunti inadai msimbo unaotumwa kwenye laini ya simu isiyofanya kazi nchi ile. Kabla ya kuondoka hamia kwenye programu ya kutengeneza misimbo, au chapisha misimbo ya akiba na uiweke mbali na kompyuta.

Wi-Fi ya uwanjani na soketi za kuchajia vina hatari gani?

Tovuti nyingi leo hutumia HTTPS, njia inayosimba mawasiliano yako na tovuti, kwa hiyo aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe hasomi ujumbe wako kirahisi kama zamani. Hatari iliyobaki ni mtandao bandia wenye jina linalofanana na la uwanja, unaokupeleka kwenye ukurasa wa kuomba nywila. Muulize mfanyakazi jina sahihi, au tumia data za simu yako. Kwa kuchaji, tumia chaja yako kwenye soketi ya umeme ya ukutani na achana na tundu za USB za kwenye viti.

Na geuza mgongo kwenye ukuta unapoandika nywila. Kwenye ukumbi wa kusubiria, macho ya jirani ni mepesi kuliko programu yoyote.

Kompyuta imetoweka. Nianze wapi?

Usiondoke eneo la ukaguzi. Mwambie msimamizi sasa hivi, kwani kamera zimeona na ndege bado hazijaruka. Taja alama zake na namba ya kifaa, ambayo ulipaswa kuipiga picha kabla. Ukiwa unasubiri, tumia simu kuifunga kompyuta kwa mbali kama ulikuwa umewasha huduma hiyo, kisha badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kabla hata ya benki, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine. Toa taarifa polisi na upate nakala. Kama zilikuwemo data za kazi, mpigie mwajiri siku hiyohiyo.

Ilichukuliwa na afisa, ikarudishwa baada ya siku tatu. Niitumie?

Ichukulie kama nyumba ambayo wageni wamelala ukiwa haupo na funguo zote walikuwa nazo. Joanna Rutkowska, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, mwaka 2009 alionyesha jinsi mtu anayepata dakika chache na kompyuta iliyosimbwa anavyoweza kubadilisha programu yake ya kuwashia, ili mwenyewe akirudi na kuandika nywila, inaswe. Hilo linahusu pia kompyuta iliyoachwa chumbani hotelini, ambayo ni bora uende nayo au uifunge kwa namna utakayojua ikiguswa. Kwa iliyochukuliwa, usiingize nywila yoyote. Mpelekee mtaalamu, au angalau futa diski yote na usakinishe mfumo upya, kisha rudisha mafaili kutoka kwenye ile diski uliyoiacha nyumbani. Kama kazi yako inawaweka watu wengine hatarini, nunua nyingine na hiyo usiiwashe tena.